MOYO WA MFANYA KAZI NA MTAA ANAOKAA



Kwa desturi ukurasa huu wa kwanza hushughulika na mishahara, saa za kazi, na habari za ndugu waliofukuzwa bila haki. Mara hii twataka kusema habari za ugonjwa wa moyo. Msidhani ya kwamba tumeacha kazi ya chama tukawa waganga. Tukifika mwisho mtaona kwamba tungali pale pale: mshahara, nyumba, saa za kazi na haki.

Kwa muda mrefu wengi wetu wameamini kwamba ugonjwa wa moyo ni wa mabwana wakubwa, wenye magari na vitambi, na kwamba mtu atembeaye kwa miguu kutoka Kawangware mpaka Lavington kila alfajiri hawezi kuupata. Imani hiyo inatuua. Kati ya mwaka 2007 na 2010 madaktari katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, waliwafuata wagonjwa 1,006 waliolazwa hospitali kwa sababu moyo umeshindwa kazi yake. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya na Marekani wagonjwa wa namna hii kwa kawaida ni wazee waliokwisha kustaafu. Huku kwetu ni mtu ambaye bado yuko kazini, na watoto wake wangali shuleni. Kabla siku 180 hazijapita, karibu wagonjwa 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Na sababu kubwa kuliko zote, kwa wagonjwa 45 katika kila 100, ilikuwa presha ya damu. Basi huu si ugonjwa wa matajiri. Ni ugonjwa wetu.

WAGONJWA WAWILI, CHETI KIMOJA

Tuchukue mfano. Wagonjwa wawili wanatoka katika hospitali moja, siku moja. Ugonjwa wao ni mmoja, daktari wao ni mmoja, na cheti cha dawa ni sawa sawa neno kwa neno. Mmoja anarudi nyumbani kwake Kileleshwa, wa pili anarudi chumbani kwake Kangemi. Mwaka ukipita, ni yupi atakayekuwa hai?

Mtu atajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye, na ni kweli, siku ya mtu mmoja hakuna aijuaye. Lakini ukihesabu watu kwa maelfu jambo lajionyesha lenyewe. Katika jimbo la Ontario, nchi ya Kanada, bima ya umma huwalipia wakazi wote gharama za daktari na hospitali, mkubwa kwa mdogo. Wataalamu wa huko waliwahesabu wagonjwa 51,591 waliopatwa na mshtuko wa moyo kati ya mwaka 1994 na 1997, wakatazama kila mgonjwa ametoka mtaa gani, na mapato ya mtaa ule ni kiasi gani. Habari yao ilitangazwa mwaka 1999. Waliona kwamba watu wa mitaa yenye fedha walipata kipimo kikubwa cha mishipa ya moyo mara nyingi zaidi kuliko watu wa mitaa ya maskini, kwa asilimia 23, na muda wao wa kungojea ulikuwa mfupi kwa asilimia 45. Na kwa kila dola 10,000 zilizoongezeka katika mapato ya mtaa, hatari ya kufa katika mwaka mmoja ilipungua kwa asilimia 10. Kumbukeni, ndugu, hiyo ni nchi ambayo hakuna mgonjwa aombwaye fedha mlangoni.

Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani nao walitangaza habari za watu zaidi ya 13,000 waliofuatwa kwa muda wa miaka 9 hivi. Hao waliuliza swali kali zaidi: Je, huenda ni umaskini wa mtu mwenyewe tu, wala si mtaa? Wakawalinganisha watu wenye mapato sawa, elimu sawa na kazi sawa, lakini wanaokaa mitaa mbali mbali. Hata hivyo waliokaa katika mitaa duni walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi. Maana yake ni kwamba mtaa wenyewe una mkono wake katika ugonjwa.

SI DAMU YETU ILIYO MBAYA

Wako watu wasemao kwamba Mwafrika ameumbwa na presha. Maneno hayo tuyajibu kwa habari za nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, upande wa Nyanza, aliandika habari za watu 1,000 aliowapima presha. Huko Ulaya presha ya mtu hupanda kadiri anavyozeeka. Kwa watu wale wa Kavirondo presha haikupanda hivyo, na uzeeni ilikuwa ikishuka. Ugonjwa wa presha ulikuwa kama kitu kisichojulikana.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1990, yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine. Watu wa Kijaluo waliokuwa wakihama kutoka vijijini kuja Nairobi kutafuta kazi walipimwa tena na tena tangu walipofika mjini, wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Wale waliohama presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na tofauti hiyo ilianza kuonekana mapema sana, katika miezi ya kwanza ya kukaa mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba sasa wanakula chumvi nyingi zaidi, na kwamba yale madini yatokanayo na mboga na matunda yamepungua. Moyo wao ulikuwa ukipiga haraka zaidi.

Twaomba kila msomaji alifikirie jambo hili kwa utaratibu. Watu ni wale wale, ukoo ni ule ule, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali. Basi kama mahali ndipo palipoleta ugonjwa, hatuwezi kuuponya kwa kumlaumu mgonjwa peke yake. Lazima tutazame na mahali penyewe.

MJI ULIVYOGAWANYWA

Nairobi haikuwa hivi kwa bahati tu. Ilipangwa hivi. Tangu mwanzo sehemu za magharibi, zenye udongo mzuri, miti na hewa safi, walijitwalia Wazungu. Wahindi wakapewa pahali pao. Na Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, au wakaachwa wajibanze pembezoni. Mpango Mkuu wa mwaka 1948 uliitazama Nairobi kama mji mkuu wa koloni, na jina lake lenyewe lilisema hivyo. Mfanya kazi wa Kiafrika alihesabiwa kama mgeni, mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Hata mshahara wake ulikuwa wa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, mpaka Kamati ya Carpenter ilipotoa taarifa yake mwaka 1954, ikakiri kwamba mfanya kazi anastahili mshahara wa kulisha jamaa yake. Vyama vya wafanya kazi havikungojea kamati ndipo viyaseme hayo. Walioongoza mgomo mkuu wa Nairobi wa mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kuyasema, na Makhan Singh na Fred Kubai walitiwa kizuizini.

Mwaka 1963 uhuru ulikuja na mipaka ya mji ikapanuliwa. Sheria ya ubaguzi wa rangi iliondoka, lakini ramani ilibaki. Kawangware iko upande huu wa barabara na Lavington upande ule. Kangemi iko chini, Loresho na Mountain View ziko karibu nayo. Kibera inapakana na uwanja wa gofu. Kutoka Kibera mpaka Hospitali Kuu ya Kenyatta si safari ndefu, na Hospitali ya Mbagathi iko karibu zaidi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba maskini wa Nairobi yuko mbali na hospitali. Macho yake yanaiona. Kinachomzuia ni kitu kingine.

MTAA UNAVYOUSHIKA MOYO

Sasa tueleze jambo hili hatua kwa hatua, ili kila mwanachama aweze kumweleza mwenzake.

Moyo ni pampu. Mishipa ikikaza, pampu hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi usiku na mchana. Hiyo ndiyo presha. Haiumi. Mtu hufanya kazi nayo miaka 10 bila kujua, na huku moyo unanenepa na kuchoka, figo zinaharibika, na mshipa wa kichwa unangoja siku ya kupasuka au kuziba. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 4 nchini Kenya ana presha. Lakini katika kila 100 wenye presha hiyo hawakufika hata 16 waliojua kwamba wanayo. Na hao wachache waliojua, kama robo yao tu ndio waliokuwa wakitumia dawa.

Kwanza ni chakula. Mfanya kazi atokaye saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku hununua njiani: mandazi, chipsi zilizokaangwa katika mafuta yaliyotumika tena na tena, chai yenye sukari nyingi, na chumvi ya kutia ladha mahali pasipo na nyama. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema chumvi ya mtu mzima isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Matunda yapo sokoni Kangemi na Kawangware, hilo hatukatai. Lakini mama mwenye shilingi 100 za jioni hununua kwanza kinachoshibisha.

Pili ni hewa. Chumba kimoja ni jikoni, ni mahali pa kulala, ni mahali pa watoto kusomea. Moshi wa makaa na mafuta ya taa hukaa humo humo, na nje kuna moshi wa magari na wa takataka zinazochomwa. Moshi huu hauishii mapafuni. Vumbi lake jembamba huingia katika damu na kuidhuru mishipa ya moyo.

Tatu ni usingizi na hofu. Mlinzi wa usiku hulala mchana katika mtaa wenye makelele, mabati yakiwaka jua. Mama hulala akisikiliza kama mvua itaingia, au kama mlango utavunjwa. Mwili ulio katika hofu kila siku hukaza mishipa, na moyo hauna saa yake ya kupumzika.

Nne ni choo na maji. Mtu atastaajabu tukisema choo chahusika na moyo. Dawa moja kubwa ya moyo uliochoka ni ile ya kuondoa maji mwilini, na hiyo humfanya mgonjwa akojoe mara nyingi. Sasa mpe dawa hiyo mama ambaye choo chake ni cha kulipia, kiko mbali, na usiku kwenda huko ni hatari. Au mpe makanga wa matatu ambaye hawezi kushuka mpaka mwisho wa safari. Atafanya nini? Ataacha dawa. Daktari ataandika kwamba mgonjwa huyu hafuati maagizo. Lakini sisi tunaokaa naye twajua sababu.

Tano ni fedha na siku. Kliniki hufunguliwa asubuhi, saa zile zile ambazo kibarua anapaswa kuwa langoni akingoja kuitwa. Akienda kliniki amepoteza siku. Akifika na kuambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani, amepoteza siku mbili. Kuanzia Novemba 1, 2024 kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Toa kodi ya chumba, unga, nauli na karo, kisha utuambie ni dawa gani ya kila siku itakayosimama imara katika hesabu hiyo. Dawa ya presha hununuliwa wiki ya mshahara, na wiki ya nne huachwa. Na presha haijui tarehe ya mshahara.

Hayo si maneno yetu ya kubuni. Katika mitaa ya mabanda upande wa mashariki wa mji wetu, Korogocho na Viwandani, wachunguzi wa afya wamewafuata wananchi tangu miaka ya 2000. Hata pale ambapo watu walipimwa mlangoni mwao na kuelekezwa kliniki iliyo karibu, wengi walioanza matibabu hawakudumu nayo. Kuanza si kugumu. Kugumu ni kurudi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, katika maisha yasiyo na ratiba.

WATOTO WETU

Uko ugonjwa mwingine wa moyo ambao ni mtoto halisi wa umaskini. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 hupatwa na maumivu ya koo. Vijidudu vyake huambukizana haraka palipo na msongamano, watoto wanne kitanda kimoja. Asipotibiwa, baadaye hupata homa inayouma viungo, na homa hiyo huzila vali za moyo, yaani zile milango ndogo ndogo zinazoongoza damu. Miaka inapita, na msichana anapopata mimba ya kwanza, au kijana anapoanza kazi ya kubeba mizigo, ndipo moyo unaposhindwa. Hapo tena hutakiwa upasuaji mkubwa, na jamaa huanza kuita michango.

Dawa ya kuzuia yote hayo ni penisilini, dawa ya zamani na ya bei rahisi. Mtoto aliyekwisha kupata homa ile hudungwa sindano kila wiki ya 3 au ya 4 kwa miaka mingi. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya wa Ulimwengu ulipitisha azimio kwamba nchi zote zishughulikie ugonjwa huu. Katika nchi tajiri umekuwa nadra sana, na ulianza kupungua pale nyumba zilipoboreka na watu wakaacha kubanana. Mzazi mwanachama, mtoto akilia koo pamoja na homa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya.

KAZI NAYO INA SEHEMU YAKE

Mwaka 1953 daktari Morris wa London alitangaza habari za wafanya kazi wa mabasi ya mji ule. Madereva waliokaa kitini siku nzima walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa mbili. Madereva wetu wa matatu wafikirie jambo hilo: saa nyingi kitini, moshi wa Waiyaki Way, hesabu ya mwenye gari, na chakula cha haraka stendi.

Kisha mwaka 1967 wataalamu walianza kuwafuata watumishi wa Serikali ya Uingereza huko London, wanaume zaidi ya 17,000. Hawa wote walikuwa na kazi za ofisi na mshahara wa mwezi, wala hapakuwa na mtu mwenye njaa kati yao. Lakini tarishi na wengine wa daraja la chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara 3 na nusu hivi kuliko wakubwa wa daraja la juu. Sigara, presha na mafuta ya damu yalieleza sehemu ya tofauti hiyo, si yote. Uchunguzi uliofuata, ulioanza mwaka 1985, ulionyesha kwamba mtu asiye na sauti yo yote katika kazi yake, anayeamriwa tu namna ya kufanya na wakati wa kufanya, moyo wake huwa katika hatari zaidi.

Ndugu, someni sentensi hiyo mara ya pili. Kuwa na sauti kazini ni afya. Na sauti ya mfanya kazi mdogo ni chama chake.

WATAKAOTUPINGA

Wako watakaosema: “Mtu aache sigara, aache chang’aa, apunguze chumvi, basi.” Twakubali kwamba mtu ana wajibu juu ya mwili wake. Sigara huziba mishipa ya maskini kama inavyoziba ya tajiri, na hatutamtetea mwanachama anayekunywa fedha za dawa. Lakini tumekwisha kuona kwamba hata tabia zikilinganishwa tofauti hubaki. Anayesema tabia peke yake amesema nusu ya habari.

Wengine watasema: “Mnalia nini? Bima iko.” Ni kweli, tangu Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua mahali pa ule mfuko wa bima ulioanzishwa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara hutoa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mtu wa shilingi 16,113.75 hizo ni shilingi 443. Chama chetu hakipingi bima. Kila mwanachama ajiandikishe, yeye na jamaa yake, na ahakikishe kwamba tajiri wake anapeleka fedha anazomkata. Lakini Ontario imetufundisha kwamba bima ni mlango tu. Kadi ya bima hailipi nauli, wala hairudishi siku ya kibarua iliyopotea, wala haisafishi hewa ya chumba. Taifa likitoa kadi na kuuacha mtaa kama ulivyo, litakuwa limelipia maziko ya polepole.

Wengine tena watasema kwamba mambo ya mtaa si kazi ya chama cha wafanya kazi, ni ya Serikali ya Kaunti. Twawajibu kwa sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe fedha za kutosha kupanga nyumba, juu ya mshahara wake. Kwa mtu wa kima cha chini posho hiyo imehesabiwa asilimia 15, yaani shilingi 2,417. Kila mtu aende mwenyewe Kileleshwa au Kilimani, karibu na mahali anapofanya kazi, aulize shilingi 2,417 zitampatia chumba gani. Mshahara ndio unaomchagulia mfanya kazi mtaa wake, na mtaa ndio unaomchagulia moyo wake. Kwa hiyo mwajiri akaapo mezani na sisi kupatana mshahara, yuko pia katika habari za moyo, apende asipende.

TUNAYOYADAI

Mapatano yetu na waajiri yanakaribia kufanywa upya. Tumeandika mambo haya ili matawi yayajadili kabla ya wajumbe kwenda mezani.

1. Kila mfanya kazi apimwe presha kazini bure, angalau mara 2 kwa mwaka. Matokeo yawe mali ya mfanya kazi, si ya ofisi ya mwajiri, yasije yakawa sababu ya kumpunguza.

2. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha apewe nusu siku kila mwezi ya kwenda kliniki, bila kukatwa mshahara. Sheria imekwisha kutoa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kwa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo. Hizo ni za kuugua. Sisi twataka wakati wa kutougua.

3. Aliyetoka hospitali apewe kazi nyepesi mpaka daktari aseme yu tayari. Asifukuzwe kwa sababu ya moyo wake.

4. Posho ya nyumba ihesabiwe kwa kodi za kweli za mitaa iliyo karibu na kazi.

5. Vibarua waliokwisha kutimiza muda wa kifungu cha 37 waandikwe kazi ya mwezi. Asiye na hakika ya kesho hawezi kupanga dawa ya kesho.

6. Kwa Serikali ya Kaunti: vituo vya afya vya mitaa yetu, tangu Kangemi mpaka Riruta na Kibera, visikose dawa za presha, na vifunguliwe jioni moja kila juma na siku ya Jumamosi, wakati wafanya kazi wanapoweza kufika.

TUTAKAYOYAFANYA WENYEWE

Lakini chama kisichofanya lo lote mpaka mwajiri akubali si chama. Kwa hiyo twaliomba kila tawi linunue kipima presha kimoja kwa fedha za tawi, na watu wawili wafundishwe kukitumia. Siku ya mkutano kila anayeingia apimwe mkono kabla ya kuketi. Atakayeonekana juu apimwe tena siku nyingine, kisha aende kituo cha afya.

Kila mgonjwa awe na mwenzake wa dawa, mtu wa mtaa huo huo, atakayemwuliza kila jioni kama amemeza. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Wala mtu asimgawie jirani dawa yake, hata kwa huruma. Dawa ikimsumbua kwa mkojo au kizunguzungu, amwambie mhudumu abadilishe saa au aina, asiikatize mwenyewe.

Wajumbe wa kazini wajue dalili hizi kwa moyo: kifua kubana kama kimewekewa mzigo, maumivu kwenda bega, mkono au taya, jasho la baridi, kukosa pumzi, uso kupinda upande, mkono kulegea, maneno kuvurugika. Hapo hakuna kungoja msimamizi atoe ruhusa, wala kumpeleka mtu nyumbani akalale. Mshipa ulioziba huua nyama ya moyo kwa dakika, na kila dakika ina thamani. Mpelekeni hospitali mara moja. Na kama mtu atasimama mlangoni akidai fedha kwanza, mwambieni kwa adabu kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mjumbe aandike saa, mahali, na alichoambiwa, alete ofisi ya chama.

Ndugu, baba zetu walidai mshahara wa kulisha jamaa, wakaambiwa kwamba wanataka makubwa. Leo twadai kwamba mtu wa Kawangware na mtu wa Lavington, waliotibiwa na daktari mmoja kwa cheti kimoja, wawe na tumaini moja la kuwaona watoto wao wakikua. Wako watakaosema kwamba nasi twataka makubwa. Sisi twaona ni jambo dogo, nalo limechelewa.

Makatibu wa matawi walete majibu yao kwa maandishi kabla ya mkutano wa wajumbe. Tawi litakalonyamaza litahesabiwa kuwa limekubali hali ilivyo.

Umoja ni nguvu.